Anayemuuguza Mzazi Naye Atazeeka

Wapo watumishi wa umma, na walimu wamo, ambao kila mwisho wa mwezi humpelekea dada yao aliyeko Mwanjelwa fedha za dawa na gunia la mchele, kisha hujisifu kwamba wao ndio wanaomtunza mama. Si kweli. Mama anatunzwa na yule anayemgeuza kitandani usiku, anayemwogesha na kumlisha uji. Huyo ndiye wanayesema "yuko nyumbani tu".

Tuitazame hesabu yake. Tuseme aliajiriwa dukani akachangia NSSF kwa miaka 9, yaani miezi 108. Mama akapatwa na kiharusi, ukoo ukaketi, na kama ilivyo desturi ya vikao hivyo, ikaamuliwa binti aache kazi kwa kuwa mshahara wake ni mdogo. Pensheni ya kila mwezi inadai michango ya miezi 180. Hiyo 72 iliyobaki ataitoa wapi? Uzeeni atapewa mkupuo, nao utakwisha. Kaka yake atapokea pensheni mpaka kufa, kwa utumishi ambao haukukatizwa kwa sababu dada alikatiza wake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja wachache wenye haki ya kutegemea jasho la wengine, wakiwamo watoto wadogo na vikongwe. Kaka mwenye mshahara hakutajwa.

Sheria nayo haikumsaidia binti huyu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa, ilitoa siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wa mfanyakazi anapougua au kufa. Kwa mzazi ilitaja kifo tu. Yaani mfanyakazi alipewa siku za kumzika mama, wala si za kumuuguza!

Tutaambiwa kwamba kumlea mzazi ni wajibu, na wajibu haulipwi. Wajibu wa nani? Kama ni wa watoto wote, kwa nini hasara iwe ya mmoja? Ujerumani, tangu mwaka 1995, bima ya matunzo huwalipia michango ya pensheni jamaa wanaowauguza wagonjwa nyumbani. Sisi hatuna utajiri huo, lakini NSSF hupokea michango ya wasioajiriwa, hivyo kaka hana sababu ya kulingoja Bunge. Ndugu wakubaliane ujira wa dada, uandikwe, na michango ipelekwe kila mwezi kwa jina lake, maana ujira pekee utaliwa leo. Na lile gunia la mchele lisihesabiwe kuwa mshahara.