Walijulikana, Hawakuandikwa

Katikati ya Barabara ya Samora, Dar es Salaam, magari yanaizunguka Sanamu ya Askari: ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Iko hapo tangu 1927. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Jina la mtu halimo hata moja. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwa huruma kwamba hao ni mashujaa wasiojulikana: walikufa porini kwa maelfu, hapakuwa na wa kuwaandika, na sanamu moja kwa wote ndiyo heshima iliyowezekana.

Sikubaliani na jibu hilo. Mpagazi hakuokotwa njiani. Alitolewa kijijini na mkubwa wa mahali aliyemjua yeye na baba yake, akapewa namba, akaingizwa kwenye orodha ya mshahara. Ni kweli kwamba orodha nyingi zilivurugika, hasa 1917, watu walipokusanywa kwa pupa. Lakini jeshi linalopima unga kwa idadi ya vichwa haliwezi kusema halikujua lilikuwa na nani.

Kilichowafuta ni uamuzi, na ulifanywa vita vikiwa vimekwisha. Tume ya makaburi ya vita ya Himaya ya Uingereza iliundwa 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, bila kujali cheo. Ilipofika zamu ya Waafrika, maofisa wakadai kwamba watu hawa hawana mazoea ya kuweka alama makaburini, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 utawala wa Tanganyika ukaona heri makaburi ya wapagazi yaachwe yamezwe na pori. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa matanga nasi, wala kuona mzee akiwaonyesha wajukuu mti aliozikwa chini yake babu yao. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Linganisha na wenzao waliopewa makaburi rasmi huko Dar es Salaam. Mwaka 1968, barabara mpya ilipotakiwa kupita kwenye makaburi ya Ocean Road, makaburi 660 ya vita hivyo yalihamishiwa kwenye eneo jipya yanakotunzwa hadi leo.

Wengine husema sasa ni kuchelewa, miaka mia imepita. Mbona Cape Town, Januari 2025, ulizinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa katika vita hivyo bila kuandikwa popote? Kenya nako, majalada ya zamani yaliyohifadhiwa na jeshi yametoa majina zaidi ya 3,000.

Kwetu kazi inaweza kuanzia Mahiwa, katika njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, walikopigana Waafrika wa pande zote mbili Oktoba 1917. Tume ifungue orodha za mishahara, Nyaraka za Taifa zifungue majalada ya wilaya, na watafiti wapite vijijini kuwasikiliza wazee kabla hawajatutoka. Kila jina litakalothibitika liandikwe pale kando ya barabara, pamoja na kijiji alikotoka mwenyewe, ili watu wa kwao wakija walione.