Mikono Ikitulia, Moyo Bado

Mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri ghafla anachorachora, kikombe kinamponyoka, uso unakunjamana bila yeye kutaka. Shuleni ataitwa mtundu, nyumbani atadhaniwa ana pepo. Huenda ni korea ya Sydenham, iliyopewa jina la tabibu Mwingereza aliyeieleza mwaka 1686. Chanzo ni bakteria wa koo, streptokoka: kinga ya mwili iliyoamka kupambana nao hugeukia ubongo, mara nyingi mwezi 1 hadi 6 baada ya koo kupona.

Wapo watakaouliza, ikiwa mitikisiko hiyo kwa kawaida huisha yenyewe, sindano za penisilini ni za nini? Ni kweli huisha, na si kila mtoto anahitaji dawa ya kuituliza. Lakini korea ni dalili ya homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kuharibu vali za moyo kimyakimya, na kila shambulio jipya huzidisha madhara. Kwa hiyo moyo upimwe, na penisilini ichomwe kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Sindano hiyo inauma, tena sana. Ila maumivu yake hupita, vali iliyoharibika hudumu.