Barua Yako Haijapuuzwa, Imezuiwa Getini

Wasee, tuambiane ukweli. Kuna biashara za mtaani zinazopoteza kazi hata kama bei yao ni poa na kazi yao ni safi. Kotesheni ilitumwa Jumatatu asubuhi, ikatua kwenye folda ya spamu, na mteja akachukua ile iliyofika. Fundi wa Kawangware anasema, "Hawa watu wa ofisi hutudharau." Mtu wa ofisi naye anasema, "Hawa watu wa mtaa hata hawajibu." Hakuna anayedanganya. Katikati yao kuna mashine imekaa getini, na imeshaamua.

Mimi huwekea biashara ndogo barua pepe: washonaji wa yunifomu Kawangware, watu wa ngozi na shanga Kibera, saiba za kuprinti. Na maoni yangu ni haya: spamu si mambo ya watu wa kompyuta pekee. Ni swali la nani anaaminika, na sisi wa mtaa tunalijua hilo swali vizuri kuliko mtu yeyote.

Ukilelewa Kibera ama Kawangware, unamjua msee aliyeandika "Ngong Road" ama "Lavington" kwenye CV yake. Hakuwa mwongo sana, Lavington si iko hapo jirani tu? Alijua kwamba kuna watu husoma anwani kwanza, halafu wakishaisoma hawasomi kitu kingine. Seva ya barua pepe hufanya vivyo hivyo. Kabla haijasoma hata neno moja la kotesheni yako, inauliza: umetoka IP gani? Hiyo IP ina jina? Jina hilo linakubali kwamba wewe ni wake? Hapo kwenye hiyo anwani kumewahi kutoka takataka? Ukifeli hayo maswali, uandishi wako mzuri haukusaidii.

Lakini tusiichukie hiyo geti. Ina sababu. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 kwenye mtandao wa ARPANET. Watu walikasirika, na bado tunalipia ule ubunifu wake. Leo bila vichujio, sanduku lako lingejaa wakora kabla hujamaliza chai. Sisi tuliozoea "tuma ile pesa kwa hii namba" hatuhitaji kuelezewa.

Shida ni kwamba geti humpima mtu kwa majirani zake. Ukilipia ile hostingi ya bei ya chini kabisa, mara nyingi unashiriki IP moja na biashara nyingine nyingi usizozijua. Ni kama ploti yenye mita moja ya stima: mmoja akiunganisha waya vibaya, nyote mnalala gizani. Jirani mmoja akidukuliwa na kuanza kumwaga spamu, IP inaingia kwenye orodha za kuzuia, kama zile za Spamhaus, na kotesheni yako ya yunifomu inaadhibiwa kwa dhambi ya mtu ambaye hujawahi kumwona.

Basi kuna vijana huniambia, "Si tuweke seva yetu wenyewe tu, pale chini ya kaunta?" Hiyo roho naipenda. Programu zote ni za bure: Postfix ya kupokea na kutuma, Dovecot ya kusomea, Rspamd ama SpamAssassin ya kuchuja. Lakini laini ya intaneti ya nyumbani haikuundiwa kazi hii. IP hubadilika, ama mnashiriki moja watu wengi. Rekodi ya PTR, ile inayoambia dunia IP hii ni ya nani, huwezi kuiweka mwenyewe. Kampuni nyingi za intaneti huziba poti 25, ambayo ndiyo mlango wa barua kati ya seva na seva. Na seva nyingi kubwa hukataa barua kutoka IP za majumbani bila hata kuuliza jina.

Cha kushangaza, stima kupotea si ndiyo shida kubwa hapo. Seva ya mtu anayekutumia barua ikikukosa, kwa kawaida itarudi kujaribu kwa siku 4 ama 5 kabla ya kukata tamaa. Kupokea kunavumilia. Kutuma ndiko kunakoumiza. Kwa hivyo ukitaka seva yako, kodisha mashine kwenye kituo cha data, yenye IP isiyobadilika na PTR. Usipotaka usumbufu wa kuilinda kila wiki, kodisha sanduku la barua kwa kampuni inayojua hiyo kazi. Hakuna aibu. Aibu ni kuwa na jina la biashara kisha usijue nani analishika.

Na hapo ndipo naomba tukazane. Nunua domeini yako. Majina ya .ke husimamiwa na KENIC na huuzwa na wakala wengi, na bei ya .co.ke kwa mwaka inalingana na jozi moja ya viatu vizuri pale Toi. Halafu uliandikishie vitambulisho vitatu, vyote ni mistari ya maandishi tu kwenye DNS, na vyote ni bure.

Cha kwanza ni SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Iwe moja tu. Nimekuta biashara zina mbili, ya hostingi ya zamani na ya kampuni mpya, na rekodi mbili za SPF ni sawa na kutokuwa nayo, kwa sababu anayekagua anaona kosa. Cha pili ni DKIM, muhuri ambao seva yako hugonga kwenye kila barua, na ufunguo wa kuuhakiki uko wazi kwenye DNS. Mtu akibadilisha yaliyomo njiani, muhuri unavunjika. Cha tatu ni DMARC, amri yako kwa maaskari wa dunia: "Ukiona barua yenye jina langu na haina vitambulisho vyangu, fanya hivi." Unaanza na p=none uangalie ripoti, ukiona barua zako halali zote zinapita unapanda hadi quarantine, halafu reject.

Hii si mapambo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo walikaza kamba. Kila anayetuma kwa Gmail anatakiwa kuwa na SPF ama DKIM, na anayetuma barua 5,000 ama zaidi kwa siku awe na vyote viwili pamoja na DMARC, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Wewe hutumi 5,000. Sawa. Lakini ukienda getini bila hata kitambulisho kimoja, usishangae askari akikuambia ukae kando.

Kuna jambo zito zaidi ya kotesheni kupotea. Domeini isiyo na DMARC, mkora yeyote anaweza kujaribu kuandika barua kwa jina lako. Mteja wako wa shule anapata ujumbe unaoonekana umetoka kwako: "Tumebadilisha namba ya Till, lipia hii." Analipa. Kitambaa ushakata, vijana wako wanne wanangoja mshahara wa wiki, na mteja anaapa kwamba alilipa. Ni kweli alilipa, lakini si wewe. Hiyo hasara haina wa kuibeba ila duka dogo, kwa sababu shule haitalipa mara mbili. Mistari mitatu ya maandishi ingeweza kufanya ile barua ikataliwe.

Mtu ataniambia, "Lakini huu mfumo uliundwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa." Kwa kiasi, ndiyo. Lakini kumbuka Kibera. Kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa doa tupu, hadi 2009, wakati vijana wa hapo kupitia Map Kibera walipotembea vichochoroni na GPS wakachora wenyewe kwenye OpenStreetMap: vyoo, zahanati, shule, visima. Hawakungoja mtu wa kuwatambua. Kujiandikisha kwenye DNS ni kazi ya aina hiyohiyo, tena hii unaimaliza kwa mchana mmoja.

Sasa, upande wa pili. Ukishapata seva ama sanduku lako, wewe pia unakuwa askari wa geti. Na hapa naona watu wa mtaa wakiwafanyia wengine kile walichofanyiwa. Mtu anaziba Gmail zote kwa sababu alipata mkora mmoja wa Gmail. Kumbe wateja wake wote ni mama wa mboga na walimu, na wote wako Gmail. Mwingine anaweka sheria: neno "M-Pesa" likionekana, futa. Maze, uko Kenya! Ujumbe wa "nimetuma deposit kwa M-Pesa" ndio ujumbe mtamu zaidi utakaowahi kupokea.

Kichujio kizuri hakihukumu kwa neno moja, kinajumlisha pointi. SpamAssassin, kwa mfano, huanza kuita barua spamu ikifika pointi 5. Usikimbilie kuishusha hadi 2 kwa hasira. Na sehemu yake ya kujifunza, inayoitwa Bayes, haianzi kufanya kazi hadi uilishe barua 200 za spamu na 200 halali. Hizo 200 halali zitoke kwako, kwa Kiswahili chako na Sheng yako, "niaje", "sema boss", "leta bei ya mwisho". Kichujio kisichowahi kuona lugha yenu kitajuaje kwamba hivyo ndivyo wateja wanavyoongea? Kuna hata kifaa humo cha kutambua lugha: ukikiambia unakubali Kiingereza pekee, barua ya Kiswahili inaweza kuongezewa pointi za kosa. Yaani unajifungia nje ya nyumba yako.

Sheria yangu ni moja: kichujio kisifute. Kiweke kando. Barua za kutiliwa shaka ziende folda yake, na mtu mmoja aipitie kila jioni kabla ya kufunga duka. Dakika tano. Spamu moja ikipenya unaifuta na maisha yanaendelea. Oda moja ikifutwa, hata hutajua uliwahi kuipata.

Na tusijifanye malaika. Kuna wasee mtaani wanauza orodha za namba na barua pepe za watu, na kuna wenye biashara wanazinunua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia data yake kwa biashara. Mwaka wa 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga kampuni ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia mawasiliano ya watu kuwasumbua. Lakini hata kamishna asipokufikia, geti itakufikia. Watu wakibonyeza "ripoti spamu" mara kadhaa, domeini yako inachafuka, na kuisafisha ni kazi ya miezi.

La mwisho ni funguo. Kijana aliyekutengenezea tovuti asiwe ndiye mwenye domeini. Nimeona biashara imebadilisha jina kwa sababu aliyeisajili alihama na simu haipatikani. Domeini iandikwe jina lako, paswadi iwe kwako, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili. Akaunti moja yenye paswadi "1234" inatosha kuigeuza seva nzima kuwa bomba la spamu usiku mmoja.

Na kama gharama inauma, si tuna vyama? Pale Kibera, watu wa Tunapanda walishajenga mtandao wa jamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana. Ujuzi upo. Biashara kumi zinazojuana zinaweza kuchanga chapaa, zikodishe seva moja safi, zimlipe kijana mmoja wa mtaa aitunze, na ziwekeane masharti: hakuna kununua orodha, hakuna paswadi za kijinga, anayechafua IP anatoka. Hapo unashiriki ploti na majirani uliowachagua.

Leo, kabla ya kulala, jitumie barua kutoka anwani ya biashara yako kwenda Gmail yako. Ifungue, bonyeza vidoti vitatu, chagua kuona ujumbe asilia. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC. Kila moja inafaa kuwa na neno PASS kando yake. Ikikosekana hata moja, usimtumie mteja kotesheni nyingine hadi uirekebishe.