Ugali Hauna Kosa, Kosa ni Kujinyima



Kila tukikutana kwenye shughuli zetu hapa Uingereza lazima utasikia: "Jamani nimenenepa, nimeacha kabisa ugali!" Ukimuuliza mwenzako huyo anakula nini, jibu ni chai ya rangi asubuhi na biskuti mbili mchana. Anashinda kwenye zamu na njaa huku akijisifu. Akirudi saa tano usiku, anafunua sufuria ya wali wa jana na kula akiwa amesimama jikoni mpaka tumbo linauma. Kisha anajilaumu, na kesho anajinyima tena.

Mimi nasema huo si ulafi. Ni mwili unadai haki yake. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa wiki 24. Wengi wakawa hawawazi kitu kingine ila chakula, na waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakasikia njaa. Sembuse wewe wa zamu mbili?

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, usiruke mlo. Beba chakula chako kazini, hata kama ni kiporo cha maharage. Pili, usiufukuze ugali, utafutie wenzake: mboga za majani zijaze nusu ya sahani, na dagaa, samaki au maharage yawepo. Tatu, angalia unachokunywa. Kopo moja la kola ya kawaida la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Wengi tunaulaumu ugali wakati soda ipo mkononi!

Nne, kaa chini ule taratibu pamoja na watoto. Na tafadhali, mama na baba, msiseme mbele ya binti yenu kwamba chakula ni adui. Wanasikia, na wanashika.

Mwenye kisukari, presha au mjamzito amwone daktari wake kabla ya kubadili mlo.

Waswahili tunasema mwili haujengwi kwa matofali. Kula, ndugu yangu, ila kula kwa mpango na bila hofu.

Wasalaam.