Anayetembea kwa miguu naye apate daraja

Na Furaha Bauma

Mvua kubwa ikinyesha Masisi, habari inayofika Goma ni ya lori: limekwama wapi, limelala siku ngapi, bei ya maharagwe itapanda kiasi gani. Mama aliyetoka Nyabiondo na kikapu mgongoni, akakuta gogo walilokuwa wakivukia limechukuliwa na maji, hatangazwi popote. Nasi tunajua kwamba watu kama yeye ndio wengi kwenye njia zetu. Kwa hiyo nasema wazi: pesa na nguvu za kwanza za kutengeneza njia ziende kwa wanaotembea kwa miguu.

Walikale ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu yote msitu, na huko mvua haikatiki muda mrefu. Kabla kampuni ya Alphamin haijaleta mashine kwenye mgodi wa Bisie, mawe ya bati yalitoka porini kwa migongo ya vijana. Kila mmoja alibeba mfuko wa kilo 50 na kutembea siku mbili kwenye matope hadi Njingala, kisha ndege ziliutoa mzigo Kilambo, zikitua juu ya barabara ya lami. Bati lililoingia kwenye simu za dunia nzima lilivuka mito yetu juu ya magogo yanayoteleza, na aliyelibeba hakuachiwa hata kamba ya kushika.

Masisi shida ni milima. Mgonjwa wa kijiji cha mbali hubebwa kwa kipoyi, wanaume wakipokezana mabega, jamaa wakifuata nyuma na sufuria na nguo. Mvua ikiwakuta kwenye mteremko, wa mbele akiteleza, wote wanaanguka pamoja na mgonjwa. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua, hospitali ya Masisi ikiwa ng'ambo ya mto uliojaa, anategemea kitu kimoja tu: daraja la miguu lililo imara. Pikipiki haimsaidii hapo, wala lami ya barabara ya Sake.

Tena kuna radi. Mwaka 2016 wanasayansi waliohesabu radi kwa satelaiti waliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mbele ya dunia yote, na Kabare, jirani zetu wa Kivu Kusini, nafasi ya pili. Kabla ya hapo, milima hii ya mashariki ya Kongo ndiyo iliyoongoza. Mtu anayevuka malisho ya Masisi saa tisa mchana, jembe begani, hakuna kitu kirefu kumpita pale kilimani. Ng'ombe wamejengewa zizi. Mpita njia hana hata kibanda cha kujikinga.

Watasema pesa hakuna. Lakini mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili, na kwenye vingi wapita njia hulipishwa, hata mwenye kuku mmoja na mafungu mawili ya ndizi. Watu hawa wamelipia njia miaka mingi. Mimi sioni walichojengewa.

Kazi yenyewe ya kujenga vivuko si ya wahandisi wa Kinshasa. Mikono ipo, salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ipo, miti ipo. Kinachokosekana ni misumari, nyaya za chuma, saruji kidogo ya kushikilia kingo, na kiongozi wa kusema tuanze. Wakati wake ni Juni na Julai, mvua inapopungua milimani, kabla mito haijajaa tena Septemba. Machifu wa Bahunde na Bashali, wakuu wa sekta za Osso-Banyungu, Katoyi, Bakano na Wanianga, iteni salongo ya vivuko. Mashirika yanayoandika miradi ya barabara, wekeni madaraja ya miguu kwenye ukurasa wa kwanza wa bajeti.

Na ninyi mnaotembea wiki hii: ondokeni mapema, kwa kundi. Mkisikia ngurumo, shukeni kilimani, jembe liwekeni mbali, na msijibanze chini ya mti ulio peke yake. Mto ukibadilika rangi, msiuvuke. Ngojeni upungue, hata kama soko litapita.