Radi ya Kabare hakuna mutu anayeituma



Tangu mvua ya Septemba irudi, sisi wakapita wa interna tunasikia maneno yale yale kila usiku katika vyumba vya kulala. Radi ikipiga, mmoja anasema: "Kuko mutu ametuma." Mwezi huu ilipasua karatusi nyuma ya kiwanja ya mupira, na wengine wakataja mpaka mutu mwenyewe: yule mama mzee anayeuzisha ndizi kando ya barabara, eti juu ya macho yake mekundu. Mama anapika na kuni tangu utoto wake, macho yatakosaje kuwa mekundu?

Maneno ya namna hii si ya kuchekea. Mwaka 2021, hapa kwetu Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa, wengine kwa moto, juu ya kushitakiwa uchawi. Mambo kama yale yanaanza na jina lililotajwa hivi hivi, usiku, na watu ambao kesho yake hawakumbuki nani alilitaja kwanza.

Basi tuangalie inchi yetu. Setilaiti ilihesabu miali ya radi tangu 1998 mpaka 2013, na wataalamu wakatangaza hesabu mwaka 2016. Ya kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Ya pili ni Kabare yetu: miali 205 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba, ingawa mingi inabaki ndani ya mawingu. Ya tatu ni Kampene, katika Maniema. Ya tano ni Sake. Je, wachawi wote wa dunia wamejenga Kongo ya mashariki?

Sababu iko mbele ya madirisha yetu. Upande wa magharibi kuko pori kubwa, na chini yetu kuko ziwa Kivu. Zote mbili zinatoa hewa yenye maji. Hewa ile inafika kwa milima ya Mitumba, ambapo Kahuzi peke yake ina metre 3.308, na haina njia nyingine isipokuwa kupanda. Jua la muchana nalo linaisukuma juu. Ikipanda inapoa, mawingu yanakuwa marefu, na kule juu maji yanaganda. Vipande vya barafu vinagongana, na wingu linajaa umeme mpaka unatoka. Ndiyo maana radi inapenda kuanza kisha saa sita za muchana, wakati tuko kwa mupira.

Mvua ya leo ni hali ya hewa. Lakini zile radi zinazorudi kwa milima ile ile, tangu Septemba mpaka Mei, kila mwaka, ile ni klima. Katika Julai, hewa ikikauka, radi inakuwa haba sana. Mwenye kuamini uchawi atujibu: mchawi naye anaenda likizo kubwa pamoja na sisi?

Juni 2011, ng'ambo ya mpaka, katika Kiryandongo ya Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi. Shule ile haikuwa na paratoneri. Hiyo ndiyo inatusumbua sisi, kwa maana hata jengo letu la masomo halina. Tunaomba Bwana Prefe na kamati ya wazazi waweke jambo hili katika mkutano wao, hata kama bei ni kali.

Kwa wanafunzi hatuombi, tunaagiza. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kiwanja kinaachwa. Hakuna kukimbilia chini ya avoka: umeme ukipiga muti unaruka kwa mutu aliye karibu, ao unapita kwa udongo mpaka miguuni. Ingieni katika darasa lenye kuta, mbali na nyaya na bomba. Mkiona mwali, hesabuni: kila sekunde tatu ni karibu kilometa moja. Kisha ngurumo ya mwisho tunangoja dakika 30. Kama mupira ilikuwa mbili kwa moja, tutaandika, na tutamalizia kesho.