PIP siyo pipi

Kuna karatasi moja ambayo wafanyakazi wa makampuni makubwa ya teknolojia kule Marekani wanaiogopa kuliko wito wa polisi. Inaitwa PIP. Kirefu chake, kwa Kiswahili, ni mpango wa kuboresha utendaji. Ukilisikia jina unaweza kudhani ni jambo jema kabisa: bosi kakaa chini, kaona unapwaya, kaamua akushike mkono. Unapewa siku 30, 60 au 90, malengo yako yanaandikwa moja moja, na kila wiki mnakutana kuangalia umefikia wapi. Nani hapendi kuboreshwa?

Waulize waliopitia. Watakwambia siku unayopewa hiyo karatasi ndiyo siku ya kufungua CV yako na kuanza kupiga simu kwa marafiki. Kibarua kimeshaota nyasi, kinachosubiriwa ni tarehe tu.

Tuelewane kabla hujanirukia. Sitetei wategeaji. Kila ofisi inaye yule ambaye koti lake liko kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi na mwenyewe haonekani mpaka saa ya chai. Huyo akiambiwa jirekebishe au ondoka, mimi sina machozi ya kumlilia. Ninachopinga ni uongo. Mlango wa kutokea usiitwe darasa.

Hivi umewahi kujiuliza kwa nini wanajisumbua na karatasi? Maana Marekani hawalazimiki. Ukiacha jimbo la Montana, ambalo lina sheria yake ya mwaka 1987, mwajiri wa kampuni binafsi kule anaweza kukuachisha kazi siku yoyote, kwa sababu yoyote au bila sababu, mradi tu mkataba wako hausemi vinginevyo. Asichoruhusiwa ni kukufukuza kwa sababu zilizokatazwa. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inataja rangi, dini, jinsia na asili yako. Ya mwaka 1967 inawalinda waliofikisha miaka 40. Ya mwaka 1990 inawalinda watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kufukuza bila sababu hakumnyimi mwajiri usingizi. Kinachomnyima usingizi ni kusimama mahakamani akiulizwa kama ni kweli alimtoa mama wa miaka 52 kwa sababu ya umri. Hapo anatoa karatasi: mheshimiwa, tulimpa siku 60, malengo haya hapa, hakuyafikia. Karatasi ina jina lako juu, lakini aliyeandikiwa ni wakili.

Sasa linganisha na kwetu Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali ya kukuachisha, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaingia ndani zaidi. Kama tatizo ni kazi yako kuwa chini ya kiwango, mwajiri anatakiwa achunguze chanzo chake, akuelekeze, na akupe muda wa kutosha kurekebika kabla hajachukua hatua ya kukutoa. Yaani kwetu, kwa maandishi, ile nafasi ya kujirekebisha ni ngao ya mfanyakazi. Asipokupa, unaweza kumburuza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 30 za kupeleka lalamiko lako.

Najua, najua. Kati ya sheria na ofisi kuna daladala tatu za kubadilisha. Wapo waajiri wengi wasiojua kanuni hizo zipo, na wafanyakazi wengi zaidi. Sisi waandishi tunaolipwa kwa habari iliyochapwa, bila mkataba, ndiyo kabisa. Hata hivyo inafaa tuone kwamba karatasi ile ile, ukibadilisha sheria iliyo nyuma yake, inageuka kuwa kitu kingine.

Mzizi wa mchezo wenyewe hauko kwenye kompyuta, uko kwenye balbu. Jack Welch aliiongoza General Electric kuanzia mwaka 1981 hadi 2001, na pale alisimika utaratibu wa kuwapanga watu kila mwaka: asilimia 20 ya juu wanamwagiwa fedha, 70 ya katikati wanaendelea, 10 ya chini wanaonyeshwa njia. Wengi wetu tunaujua mfumo huu tangu shule ya msingi. Wa kwanza, wa pili, mpaka yule anayeshika mkia. Tofauti ni kwamba ukichukua watu kumi wote wenye vichwa vizuri ukawapanga, bado kuna mmoja atashika mkia, na huyo anatoka. Mwaka ujao unarudia.

Microsoft nayo ilikuwa na mfumo wa aina hiyo. Mwaka 2012 jarida la Vanity Fair lilieleza jinsi ulivyowafanya mainjinia wazuri wakwepe kukaa timu moja na wazuri wenzao, maana nani anataka kushindana na simba kwenye zizi moja wakati anajua lazima mmoja aliwe? Mwaka 2013 kampuni ikautupa. Lakini wazo lenyewe halikufa.

Amazon, kwa mfano. Mwaka 2021 gazeti la Seattle Times liliandika kuhusu nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Kwa mujibu wa gazeti, kulikuwa na lengo la kila mwaka la kuona asilimia 6 ya wafanyakazi wa ofisini wakiondoka, wale ambao kampuni haitajutia kuwakosa. Kulikuwa na hatua ya kwanza iitwayo Focus, na mameneja walielekezwa wasimwambie mtu kwamba yumo humo mpaka aulize mwenyewe. Isome tena hiyo sentensi. Uko kwenye mpango wa kukusaidia uboreke, halafu ni siri, wewe ndiye usiyejua. Hatua inayofuata inaitwa Pivot, na hapo unaweza kuchagua: chukua kifuta jasho uondoke, au bakia upambane na malengo. Kinachonisumbua mimi ni hiyo asilimia. Ukishaweka idadi ya watakaotoka kabla ya mwaka kuanza, meneja ataitafuta hata kama timu yake yote inachapa kazi.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, walipunguza watu 11,000. Mark Zuckerberg alisema wazi kwamba yeye ndiye aliyekosea hesabu, aliajiri kupita kiasi, na lawama ni zake. Ilikuwa mbaya, lakini aliyetoka siku ile alitoka na jina lake. Akienda kwenye usaili anasema nilikuwa Meta, tukapunguzwa, na kila mtu anaelewa. Januari 2025 Zuckerberg huyo huyo akatangaza anaondoa kama asilimia 5 ya watu, na safari hii alisema wanaotoka ni wale wasiofanya vizuri. Februari 10 barua zikatoka, kwa watu wapatao 3,600. Baadhi yao walijitokeza hadharani wakasema tathmini zao zilikuwa nzuri, wengine walikuwa likizo ya uzazi. Haisaidii. Dunia nzima ilishatangaziwa siku ile ni siku ya wazembe. Mshahara unaweza kuupata kwingine. Jina ukishapakwa matope, unaliosha kwa maji gani?

Ongeza kwamba kule bima ya afya ya watu wengi imefungwa kwenye kazi, na hisa ulizoahidiwa zinakuja kidogo kidogo kwa miaka. Amazon kwa muda mrefu walikuwa wakitoa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, na 40 kwa kila mmoja wa miwili ya mwisho. PIP ikikukuta mwaka wa pili, sehemu kubwa ya ahadi inabaki mezani. Na kama uko kule kwa viza ya H-1B, ukipoteza kazi una muda usiozidi siku 60 kupata mwajiri mwingine au njia nyingine ya kubaki kihalali. Vinginevyo ni kufungasha. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "tunakupa nafasi ya kujiboresha" hawezi hata kubishana. Anatia sahihi.

Wapo pia ambao hawafiki hata hatua ya PIP. Nairobi, mwaka 2023, kampuni ya Sama iliachana na kazi ya kuchuja picha na maandishi ya Facebook, na watu wapatao 260 wakapoteza kazi. Hao hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi wa Meta, ingawa macho yao ndiyo yaliyokuwa yakitazama uchafu wote ule ili mimi na wewe tusiuone. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa pale pale Kenya. Makampuni haya sasa yana ofisi na wakandarasi huku kwetu. Vijana wengi wanaoandika programu Dar na Nairobi wana ndoto ya kuingia humo, na siwalaumu, mshahara ni mshahara.

Lakini ukiitwa kwenye usaili, nao wakafika pale wanaposema "una swali lolote?", waulize hili. Haya ni makampuni yanayopima kila kitu, mpaka sekunde ngapi kidole chako kimesita juu ya picha. Basi kati ya kila watu 100 waliopewa PIP mwaka jana, wangapi bado wana kadi ya kuingilia mlangoni leo? Na kama wewe unayesoma hapa umewahi kuipata hiyo karatasi, ukabaki kazini au ukatoka, niandikie. Jina lako sitalitaja.